Mgeni Amekaa Miaka Thelathini, Jembe Liko Wapi?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe semina. Hawakusema mpe fulana yenye nembo ya mfadhili na soda moja, halafu umpige picha. Walisema jembe, na jembe maana yake ni kazi, pamoja na wenyeji, kwenye shamba lilelile la wenyeji.

Naandika haya kwa vijana ninaoongea nao kila wiki hapa Rusizi, na kwenu nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuletea mafunzo ya kuomba kazi. Neno langu ni moja, na nalisema mapema ili kesho mtu asiniambie hakunielewa. Mnatufundisha kubisha hodi kwenye mlango ambao mnajua umefungwa. Mlango mwingine uko pembeni yake, sheria haijaufunga, na hakuna anayeusukuma. Uliofungwa ni ule wa kazi ya kudumu ya Leta. Wa pembeni ni kazi ya Leta kwa mkataba.

Semina ninazozisema mnazijua. Zinatangazwa saa tatu, zinaanza saa nne. Karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi, vikundi vya watu watano watano. Tunafundishwa kwamba CV isizidi kurasa mbili, barua ya maombi ianze hivi, kwenye mahojiano umtazame mtu usoni. Halafu projekta inawashwa, tunaonyeshwa mfumo wa ajira wa MIFOTRA, ile wizara ya utumishi wa umma na kazi: hapa unafungua akaunti, hapa unaangalia kama nafasi inataka A2, A1 au A0, hapa unapakia diploma yako. Vijana wanaandika kila kitu kwenye daftari. Saa nane tunapewa nauli ya moto na cheti cha kuhudhuria, kila mtu anarudi kwake.

Sentensi moja haisemwi: kwamba anayetaka kuwa mtumishi wa umma wa Rwanda anatakiwa kuwa Mnyarwanda. Si siri, ni sheria ya watumishi wa umma. Na siyo Rwanda peke yake. Kwetu Congo ni hivyo, Burundi ni hivyo. Mimi sina ugomvi na sharti hilo, kila nchi ina haki ya kuchagua nani atakaa kwenye viti vyake. Ugomvi wangu ni na mtu anayelijua na kulinyamazia, kwa sababu ripoti yake inatakiwa iseme kwamba vijana kadhaa wamejengewa uwezo wa kuomba kazi.

Kunyamaza huko kuna madhara, nayaona kwa macho. Kijana anatuma maombi, anangoja. Anatuma tena, anangoja. Hakuna jibu. Mwisho anafika kwenye moja ya mambo matatu. La kwanza, anasema: mimi ni mjinga, sikuandika vizuri. Anaacha. La pili, anasema: hawa watu hawatupendi. Anaanza kumchukia jirani ambaye hajamfanya kitu. La tatu njo baya kuliko yote: anatokea mtu wa mtaani, anamwambia, "Mudogo yangu, tatizo yako ni karatasi tu. Leta pesa, nikutafutie irangamuntu." Na kijana mwenye akili, ambaye hajawahi kuiba hata muhindi wa shamba, anajikuta na kitambulisho cha uongo mfukoni, kosa la jinai, na hatari ya kupoteza hata ule ukimbizi uliokuwa unamlinda. Sentensi moja fupi, ikisemwa siku ya kwanza ya semina, ingezuia mambo hayo yote.

Sasa watu hawa wanaongoja ni nani? Wako wa aina mbili.

Wa kwanza ni sisi watoto wa Kiziba, kule Karongi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Tumezaliwa Rwanda. Tumesoma shule za Rwanda, tumefanya mtihani wa taifa wa Rwanda. A2 yangu haina tofauti na ya Mnyarwanda niliyekaa naye dawati moja: maswali yalikuwa yaleyale, msahihishaji yuleyule. Wenzetu wengine wamepanda zaidi. Mwaka 2015 Kepler ilianza kufundisha chuo kikuu palepale Kiziba, na wengine wamesoma kwa ufadhili wa DAFI wa UNHCR. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba wakimbizi hawana elimu inayotakiwa, namuomba atembee kidogo.

Wa pili ni waliovuka juzi juzi tu. Mwezi wa pili mwaka 2025 vita vilipoingia Bukavu, na mwezi wa kumi na mbili vilipofika Kamanyola na Uvira, watu walivuka upande huu, wengi wakapelekwa Nyarushishi. Ukitazama kwa haraka unaona magodoro na watoto. Ukikaa nao unakuta mwalimu wa D6, mwalimu wa L2 ya hesabu, muuguzi wa A1 aliyezalisha akina mama usiku kwa mwanga wa simu. Leo mwalimu yule anapanga foleni ya maharage. Si vibaya kupanga foleni ya maharage. Vibaya ni foleni hiyo kuwa kazi yake ya maisha.

Wengi wetu kambini hatujui, na wafanyakazi wengine wa mashirika pia hawajui, kwamba Leta ya Rwanda inaajiri wageni. Mwezi wa tisa mwaka 2021, kwenye mkutano wa biashara kati ya Rwanda na Zimbabwe uliofanyika Kigali, Rais Kagame aliwaomba Wazimbabwe walete walimu wazuri. Mwisho wa mwaka huohuo nchi hizo mbili zikasaini makubaliano. Mwezi wa kumi mwaka 2022 walimu 154 wa Zimbabwe walishuka Kigali. Hawakuambiwa wawe kwanza Wanyarwanda. Rwanda ilikuwa na upungufu, wao walikuwa na ujuzi, wakapewa kazi.

Nawakaribisha kwa mikono miwili, walikuja kufundisha watoto, na watoto wetu wakimbizi wako kwenye madarasa hayohayo. Lakini jambo hilo linatufundisha kitu. Uraia siyo ukuta usio na tundu. Pale ujuzi unapokosekana, mgeni anaingia kwa mkataba. Swali ni hili: kwa nini mgeni wa kusafirishwa kwa ndege aonekane, na mgeni aliyeko dakika chache kutoka shuleni asionekane?

Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Rwanda iliingia mwaka 1980, una kifungu cha 17. Kinasema kwa maana hii: katika kazi ya mshahara, mkimbizi apewe nafasi iliyo nzuri kuliko zote ambazo nchi inawapa raia wa nchi nyingine katika hali ileile. Soma tena polepole. Haikuandikwa kwamba mkimbizi awe sawa na mwenyeji. Imeandikwa kwamba asiwekwe nyuma ya mgeni mwingine. Ikiwa mgeni wa Harare anaweza kufundisha kwa mkataba, basi mgeni wa Masisi mwenye ujuzi uleule asiambiwe kwamba jambo hilo haliwezekani.

Najua jibu litakalokuja. Watasema: ule ulikuwa mkataba wa serikali na serikali, nyinyi hamna. Sawa kabisa. Sisi ndio watu ambao hawana serikali ya kuwasainia. Na kifungu cha 17 kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo hasa. Ikiwa kila haki ya kazi inahitaji balozi wako akae mezani na kalamu, mkimbizi hatapata chochote mpaka mwisho wa dunia.

Jibu la pili: Wanyarwanda wenyewe hawana kazi. Hili ni kweli, na asiyelikubali hajatembea Kamembe. Pale stendi kuna vijana wenye A0 wanaoendesha moto. Kuna dada wenye diploma wanaovusha nyanya na mayai kwenda Bukavu kila asubuhi. Kwa hiyo siombi nafasi ya mtu. Naomba nafasi ambayo imetangazwa na haikupata mtu aliyefaulu, na nafasi za shule na vituo vya afya ambako wakimbizi ni wengi na lugha yao inahitajika. Mtihani uleule, alama zilezile. Mnyarwanda akinishinda, nampa mkono, naenda nyumbani. Lakini nishindwe na mtihani, nisishindwe na rangi ya kitambulisho kabla ya mtihani.

Jibu la tatu linasemwa kwa sauti ndogo: je, mtu wa nje anaaminika? Hapa mbali na kote, katika Rwanda, ningetegemea jibu hili lisisikike. Fred Rwigyema alikua mkimbizi Uganda, na akafika kuwa naibu waziri wa ulinzi wa Uganda. Paul Kagame alikua mkimbizi Uganda, na akafanya kazi kwenye upelelezi wa jeshi la nchi hiyo. Hao hawakupewa darasa la hesabu tu, walipewa bunduki na siri za nchi. Na somo la pili la historia hiyo ni chungu: walitumikia, walimwaga damu, na bado ilifika siku wakaitwa wageni. Njo maana sisi hatuombi upendeleo wa mkubwa mmoja mwenye roho nzuri. Roho ya mtu inabadilika, mkubwa anahamishwa. Tunaomba karatasi yenye muhuri inayosema mkimbizi anaruhusiwa kushindania nafasi za mkataba. Nani anaomba kuwa meya au mkuu wa polisi? Tunaomba chaki na sindano.

Jibu la nne: nyinyi mtaondoka, mtarudi kwenu au mtaenda Marekani. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi mwezi wa kwanza mwaka 2025, na kuna familia zilizokuwa zimeshagawa hata masufuria. Kurudi kwetu tunakutaka kila siku, lakini Kiziba inakaribia kutimiza miaka thelathini. Mtu aliyezaliwa mwaka ilipofunguliwa ana watoto shuleni. Na mkataba una tarehe ya mwisho. Mwalimu akiondoka baada ya miaka miwili, watoto wamesoma miaka miwili.

Kuna wanaosema pia: basi ombeni uraia, mambo yaishe. Sheria ya uraia ya mwaka 2021 ipo, na anayetaka njia hiyo aende, simzuii. Lakini mjue mnachokiomba. Katiba ya Congo ya mwaka 2006, kifungu cha 10, inasema uraia wa Congo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Kumwambia muuguzi aiache Congo yake ili aruhusiwe kuchoma sindano ya malaria, hapo kazi imegeuzwa kuwa mtego. Mwalimu wa Zimbabwe hakuulizwa hivyo.

Tufike kwenye karatasi, kwa sababu hapa kazi yenu, ndugu zetu wa mashirika, inaonekana au haionekani. Ili diploma ya Congo ihesabike Rwanda, lazima ipewe ulinganifu: ya chuo inakwenda HEC, ya sekondari inakwenda NESA. Hilo ni haki, hatutaki daktari wa kubahatisha. Lakini mtu alivuka na mtoto mgongoni, diploma yake ya Leta imebaki kwenye sanduku Kamanyola, au imeungua. Aende kumwomba nani nakala, serikali aliyoikimbia? Mkataba wa 1951 ulilifikiria hilo pia. Kifungu cha 25 kinasema nchi aliyopo mkimbizi isaidie kumpatia karatasi ambazo kwa kawaida angepewa na nchi yake. Kifungu cha 6 kinasema asidaiwe masharti ambayo, kwa sababu ya ukimbizi wenyewe, hawezi kuyatimiza. Katika semina zote nilizokaa sijasikia vifungu hivyo vikitajwa, lakini nimefundishwa mara nne namna ya kuandika mambo ninayopenda mwisho wa CV. Kuogelea, kusoma, kusafiri. Mkimbizi anapenda kusafiri!

Halafu lugha. Congo tumesoma kwa Kifaransa, na Rwanda inafundisha kwa Kiingereza. Mwalimu mzuri wa hesabu anaanguka kwa lugha, siyo kwa hesabu. Miezi sita ya Kiingereza cha darasani ingemfaa kuliko semina kumi za kujiamini. Na tusisahau kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kinafundishwa mashuleni. Walimu wa Kiswahili mnawatafuta wapi, wakati kambi nzima inakiongea mpaka usingizini?

Tena lipo neno ambalo ni lazima niliseme, hata kama litaharibu urafiki: motisha. Ndani ya kambi mkimbizi anafundisha, anapima watoto uzito, anatafsiri, anahamasisha usafi, na mwisho wa mwezi anapewa kitu kinachoitwa motisha, kwa sababu jina la mshahara lingeleta maswali. Mara nyingi hakuna likizo yenye malipo, hakuna mchango wa RSSB wa uzee wake, hakuna barua ya kazi inayosema miaka yake mitano ilikuwa ni uzoefu. Kwenye CV anaandika "mtu wa kujitolea". Miaka mitano kila asubuhi saa moja kamili, mvua au jua, na jina lake ni kujitolea! Mwaka 2025 fedha za Marekani zilipokatwa, hata motisha hiyo ilipungua sehemu nyingi, na mtu hakuwa na kitu cha kushika. Kazi anayoifanya ni kazi ya umma. Kinachokosekana ni umma kuitambua.

Siyo ndoto. Kuanzia mwaka 2016 Uturuki, nchi yenye mamilioni ya Wasyria, ilianza kuwafundisha tena madaktari na wauguzi wa Syria waliokimbilia kwake, kisha wizara yake ya afya ikawaajiri kwenye vituo vya afya vya wahamiaji. Mgonjwa alipona kwa lugha anayoielewa, daktari akapata mshahara, hospitali za wenyeji zikapunguziwa msongamano. Rwanda nayo ina historia ndefu ya ukimbizi. Mwaka 2018 ilikubali mpango mpya wa kuwaingiza wakimbizi katika maisha ya taifa. Watoto wetu tayari wako kwenye shule za taifa. Kilichobaki ni wakubwa wao waruhusiwe kusimama mbele ya darasa.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote yanaweza kuanza mwaka huu.

Mashirika: semina ya kuomba kazi ianze na ukweli. Saa ya kwanza, ubao ugawanywe mara mbili: nafasi ambazo mkimbizi anaruhusiwa, na nafasi ambazo haruhusiwi. Asiyejua orodha hiyo asitufundishe mpaka aijue.

Mashirika tena: pesa za fulana na soda ziende kwenye ulinganifu wa diploma, tafsiri za karatasi na kozi za Kiingereza. Mtu mmoja aliyemaliza karatasi zake ni bora kuliko thelathini wenye vyeti vya kuhudhuria.

UNHCR na MINEMA: pelekeni kifungu cha 17 mezani kwa MIFOTRA, elimu na afya, mkiomba waraka mmoja ulio wazi. Useme kwamba nafasi ya mkataba iliyokosa mtu, kitambulisho cha mkimbizi kinakubaliwa, hasa shuleni na kwenye vituo vya afya vinavyohudumia wakimbizi.

Na anayefanya kazi kambini, hata kama ni kwa motisha, apewe barua yenye cheo, tarehe na majukumu. Barua haigharimu mfadhili hata faranga moja.

Kwenu vijana wenzangu, nina machache. Msiache kusoma kwa sababu mlango mmoja umefungwa. Kazi za watu binafsi na za mashirika ziko wazi kwa mwenye kitambulisho cha mkimbizi, tuzishindanie. Someni tangazo mpaka mwisho kabla ya kupoteza intaneti yenu: ni ya kudumu au ya mkataba? Na yule mtu wa irangamuntu mwambieni apite. Jina lenu ni la kweli, msiliuze kwa karatasi ya uongo.

Semina ijayo, kabla projekta haijawashwa, inueni mkono muulize swali moja tu: katika nafasi hizi, ni zipi mkimbizi anaruhusiwa? Ulizeni kwa heshima. Na mwalimu akisema tutalifikia baadaye, mwambieni hapana, tunaomba tuanze na hilo.